Uso wa Msichana wa Sinia

Mhifadhi alikuwa chini karakana, akipima mbao za sanduku la kusafirishia, Kobe alipoteremka ngazi mbio. Hilo peke yake lilimwambia kwamba mambo yameharibika. Kobe alikuwa mlinzi wa ghorofa ya juu, na jina lile hakulipata bure. Wenzake walisema nyumba ikishika moto leo, yeye atatoka kesho.

"Dada, panda juu," alisema huku akihema. "Kuna bibi ameketi kwenye kiti."

"Si umwambie ainuke?"

"Ana mkasi."

Mhifadhi aliweka futi chini, akapanda bila hata kuvua aproni.

Jumba hilo zamani lilikuwa la tajiri mmoja wa mbao na ngozi. Wajukuu wake walipotawanyika wakalitoa liwe makumbusho, pamoja na kila kilichokuwamo: makabati, vyombo vya kauri, mazulia, saa za ukutani zilizosimama kila moja kwa wakati wake, na picha za rangi zilizojaa kutani kuanzia sebuleni hadi vyumba vya kulala. Kazi ya mhifadhi ilikuwa kuvilinda vitu hivyo dhidi ya mchwa, unyevu, jua na vidole vya watu. Aliianza kazi hiyo alipotoka tu chuoni, na mumewe alizoea kulalamika kwa utani kwamba ana mume mwenza, tena mwenye ghorofa.

Picha kubwa kuliko zote ilikuwa kwenye chumba cha kulia. Ndani yake tajiri ameketi, mkono juu ya bakora. Mkewe amesimama kwa gauni jeupe lililofika chini. Watoto wao wamejipanga mbele kama vikombe kabatini. Pembeni kabisa, upande wa kulia, yuko msichana aliyeshika sinia. Kibao cha chini kilisema: Mwenye nyumba na familia yake. Msichana hakutajwa. Kesho yake picha hiyo ilikuwa ifungwe sandukuni, isafirishwe nchi za mbali, izungushwe kwenye maonyesho kwa miaka. Mkurugenzi alikuwa amehangaika sana kuupata mwaliko ule, maana paa la jumba lilivuja na waalikaji waliahidi kulitengeneza.

Mhifadhi alipofika mlangoni aliona kiti kimoja cha mezani kimevutwa hadi ng'ambo ya kamba ya kuzuia watu. Juu yake alikaa mwanamke mzee, mwembamba, gauni lake limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, miwani mizito usoni. Mkono wa kulia ulishika mkasi wa kushonea, ule mkubwa mweusi wa mafundi. Ulikuwa wazi. Ncha yake moja ilikuwa imegusa kitambaa cha picha, kando ya bega la msichana wa sinia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ishia hapo hapo."

"Nimeishia."

"Wewe ndiye mwenye picha?"

"Mimi ndiye ninayeitunza."

"Basi nilikuwa nakutafuta wewe. Nilikuja juzijuzi, dirishani wakaniambia mhusika hayupo. Nikaja tena, wakaniambia mhusika yupo lakini ana kikao. Leo nimekata tiketi kama watu wengine, nikapanda. Sasa nitakata na hiki."

Aliyasema hayo bila kupandisha sauti. Mhifadhi aliutazama mkono. Haukutetemeka. Angependa utetemeke; mkono unaotetemeka mwenyewe ana shaka.

"Unataka kukata nini, bibi yangu?"

"Mama yangu." Alimwonyesha kwa kidevu. "Huyu hapa. Hawa wengine siwataki, wabaki na watoto wao. Namtaka mama yangu tu. Usiogope, nitamkata vizuri. Nimekata nguo za watu maisha yangu yote, hakuna aliyerudisha kitambaa."

Kobe, nyuma ya mhifadhi, alinong'ona kwamba huyo ni Bibi Cherehani, kwamba ndiye aliyemshonea sare za shule yeye na ndugu zake wote. Bibi alimsikia.

"Na mama yako alinilipa vizuri. Msalimie."

"Ameshatangulia, bibi."

"Pole, mwanangu. Basi umebaki na picha yake?"

"Ninayo."

"Mimi sina," alisema Bibi Cherehani.

Akaeleza, mkasi ukiwa palepale. Mama yake alikuwa mshonaji wa nyumba hii. Gauni lile jeupe la mke wa tajiri alilishona yeye, kwa mkono, na siku mchoraji alipokuja, wakampa sinia asimame pembeni ili picha ipendeze. Homa ilimchukua mama huyo, mtoto wake angali ananyonya. Mtoto alilelewa na mama mdogo, ambaye kila alipoulizwa mama alikuwaje alijibu kwamba yuko ukutani kwa tajiri, nenda kamtazame. Lakini nani angeingia kwa tajiri? Mpaka jumba lilipofunguliwa kwa watu wote, yeye mwenyewe akiwa tayari ana watoto. Akaja. Akaja mwaka baada ya mwaka, akimtazama mama kutoka nyuma ya kamba.

"Sasa nina presha ya macho. Hili la kushoto limeshazima. Hili jingine naona kama mtu anayechungulia kwenye mrija, na daktari amesema mrija unaziba. Juzi redioni wanatangaza kwamba picha inasafiri. Nikauliza itarudi lini. Nilivyoambiwa, nikajua ikirudi haitanikuta na jicho. Nataka nilale naye karibu. Nimtazame mpaka litakapozima. Baada ya hapo mje mmchukue, mkitaka mnifunge na mimi."

Bibi angekuwa mwizi, mhifadhi angejua la kufanya. Angekuwa mwendawazimu, angejua pia. Kwa mtu mwenye haki yake hakuwa amefundishwa kitu.

Kisha alisikia viatu vya mkurugenzi koridoni, na sauti yake ya chini ikimuuliza Kobe kwa nini hajamshika.

"Nimeshawaita polisi," mkurugenzi alimnong'oneza mhifadhi sikioni alipofika. Alikuwa mtu mpole siku nyingine zote, mwenye kukumbuka watoto wa wafanyakazi kwa majina. Sasa midomo ilikuwa imemkauka. "Wakifika tutamzunguka. Wewe endelea kumsemesha."

"Bosi, ncha iko juu ya rangi. Mtu akimgusa tu, inaingia."

"Ndiyo maana nakwambia msemeshe."

Mhifadhi aligeuka tena kumtazama bibi, na msichana aliye nyuma yake. Uso ule wa msichana ulikuwa mzuri: mviringo, macho yameinama kidogo, mdomo kama unaotaka kucheka. Watalii waliupenda. Na mhifadhi alijua jambo juu ya uso huo ambalo mle chumbani lilijulikana na watu wawili tu, yeye na mkurugenzi.

Haukuwa uso wa mtu yeyote wa nyumba ile. Wiki ile, alipokuwa akiikagua picha kabla ya safari, aliimulika kwa taa yake yenye mwanga wa zambarau, inayoonyesha rangi ya zamani na iliyopakwa baadaye. Uso wa msichana ulijitokeza kama doa jeusi. Akampigia simu mkurugenzi wa zamani, aliyestaafu, naye akakiri bila kuona haya: kabla ya makumbusho kufunguliwa maji ya paa yalitiririka kwenye kona ile, rangi ya uso ikabanduka, wakaleta fundi wa picha. Fundi hakujua uso ulikuwaje. Akamchora binti aliyekuwa akiuza magazeti pale getini. Mhifadhi alipompelekea mkurugenzi wa sasa habari hizo, alijibiwa, "Waalikaji hawajauliza."

Sasa alisimama na neno hilo mdomoni. Akilisema, bibi hatakuwa na sababu ya kukata. Akilisema, pia, atakuwa amemwua mama wa mtu mbele ya macho ya mwanawe, macho yenyewe yakiwa karibu kuzima. Alitamani bibi angekuwa mkali. Alitamani polisi wafike, halafu akatamani wachelewe.

Ncha ya mkasi ilisogea. Kitambaa kikabonyea.

"Bibi, subiri. Huo uso si wake."

Mkurugenzi alimshika mhifadhi kiwiko, akakibana.

"Umesemaje?"

"Uso wa mama yako uliharibika zamani, kabla hujawahi kuingia humu. Huo ulichorwa na fundi. Ni wa binti aliyekuwa akiuza magazeti getini."

Bibi Cherehani alicheka kidogo, cheko kavu. "Mmesoma nyie. Mtu akikosa nguvu mnampiga, akiwa na mkasi mnampa hadithi."

"Naweza kukuonyesha."

"Huonyeshi kitu," mkurugenzi alisema, sasa kwa sauti. "Bibi, weka huo mkasi chini tuzungumze kama watu wazima."

"Mimi na wewe nani hajawa mtu mzima?" Bibi hakumtazama hata kidogo. Macho yake, au lile moja lililobaki, yalikuwa kwa mhifadhi. "Nionyeshe. Ukinidanganya nakata."

Mhifadhi alijinasua mkono. Alimwambia Kobe akalete taa, na Kobe, kwa mara ya pili siku ile, akakimbia. Mhifadhi akafunga madirisha ya mbao, moja baada ya jingine, akijua kila linalofungwa linampunguzia uwezo wa kuuona mkasi. Kobe alipomkabidhi taa, akafunga la mwisho, na chumba kikawa giza. Alisikia pumzi za watu. Alisikia, kule mbele, chuma kikisuguana na chuma kidogo tu, kama mtu anayebadilisha kidole.

"Nakuja karibu, bibi. Nina taa mkononi."

"Njoo."

Akaiwasha. Picha yote ikageuka. Vanishi ya zamani iling'aa kijani hafifu, kama maji ya kisima yakipigwa na jua. Tajiri, mkewe, watoto, wote wakawa kama watu waliozama. Mahali pa uso wa msichana palikuwa na giza. Doa jeusi, lenye kingo, kama kiraka.

Bibi Cherehani alisogeza kichwa karibu sana, akakigeuza huku na huku kutafuta pembe ya jicho lake. Alichukua muda mrefu. Alijua kiraka ni nini. Alikuwa ameweka viraka maisha yake yote.

"Hiki cheusi ndicho rangi mpya?"

"Ndicho."

"Na mikono?"

Mhifadhi alishusha taa. Vidole vilivyoshika sinia viling'aa kijani kama vitu vingine vya zamani. "Mikono ni yake. Haijaguswa."

Bibi akauliza, polepole, kama anayeuliza bei ya kitu ambacho hatakinunua, "Sasa nitakata nini?"

Mkasi ulikuwa umeanza kushuka. Mhifadhi aliuona. Lakini mkurugenzi, kutoka alikosimama, aliona giza tu na mgongo wa bibi umelegea, akadhani nafasi ndiyo hiyo. Akapiga hatua. Ubao wa sakafu ukalia chini ya kiatu chake kama mbwa aliyekanyagwa. Bibi akashtuka akageuka, na mkono ukageuka naye.

Sauti iliyofuata wote waliijua. Ni sauti ya kitambaa.

Kobe alipofungua dirisha waliona mpasuko wa urefu wa kidole, kuanzia kwenye mkono wa gauni la msichana kushuka chini ya sinia. Mkasi ulikuwa sakafuni. Bibi Cherehani alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Sikukusudia pale," alisema. "Pale sikukusudia."

Polisi walikuta watu wanne wamekaa kwenye viti ambavyo hairuhusiwi kuvikalia. Askari mmoja, mwanamke wa makamo, alitazama picha, akamtazama bibi, akauliza nani amekata.

"Huyu," mkurugenzi alisema.

"Mkasi ulikuwa mkononi mwake," alisema mhifadhi. "Alikuwa ameshaanza kuushusha. Bosi wangu alimwendea gizani, mkono ukateleza. Kama kesi itafika mahakamani, nitasema hivyo. Na nitaulizwa kwa nini tulizima mwanga, na hilo nitalisema pia."

Mkurugenzi alimtazama kama mtu aliyeng'atwa na paka wake mwenyewe. Alijua maana yake. Mahakamani uso ule ungetajwa, na waalikaji wangeuliza kwa nini hawakuambiwa. Alikaa akipapasa paji la uso. Mwishowe alimwambia askari kwamba makumbusho hayana malalamiko, ilikuwa ajali. Askari akamrudishia bibi miwani iliyokuwa imeanguka, akasema mkasi ataondoka nao yeye, bibi aje kuuchukua kituoni akishatulia.

Wakati wa kutoka, Bibi Cherehani alisimama mbele ya mhifadhi. Mhifadhi alitegemea shukrani, au machozi.

"Ungeniacha nikate," bibi alisema. "Ningekaa naye nyumbani nisijue."

Akashika ukuta, akashuka ngazi mwenyewe.

Mkurugenzi na mhifadhi hawakusemeshana isipokuwa kwa mambo ya kazi. Picha haikusafiri, waalikaji walipoambiwa imepasuka walichukua mazulia na vyombo vya kauri badala yake, na paa likatengenezwa nusu. Mhifadhi alitegemea barua ya kufukuzwa. Haikuja. Aliishusha picha karakana, akaanza kuushona mpasuko uzi kwa uzi, kwa sindano nyembamba na gundi, akiwa ameinama mpaka shingo inakufa ganzi.

Siku moja akiwa katika hali hiyo alisikia mlango. Ni Bibi Cherehani, ameshikwa mkono na mkwe wake, mwanamke mnene mchangamfu aliyebeba mkoba wa mama mkwe kama wake.

"Nimekuja kutazama ushonaji wako," bibi alisema. Aliinama juu ya mpasuko, jicho karibu na meza. "Mm. Si mbaya. Unavuta sana." Kisha, bila kubadilisha sauti: "Huo uso wa kiraka unaweza kutoka?"

"Unaweza. Lakini bibi, chini yake karibu hamna kitu. Rangi ilidondoka. Unaweza kukuta kitambaa kitupu."

"Nilikaa na mama asiye na uso mpaka nilipozaa. Si jambo geni kwangu. Utoe."

Haikuwa juu ya mhifadhi peke yake. Alipanda kwa mkurugenzi, akijiandaa kwa vita, akiwa amepanga maneno yote. Mkurugenzi alimsikiliza mpaka mwisho, akavuta kalamu. "Kama tungewaambia mapema," alisema, "kila mtu angekuwa na amani." Akatia saini.

Kazi iliendeshwa kwa vijiti vyenye pamba na dawa, sehemu ndogo kama ukucha kwa wakati. Bibi alikuja kila alipoweza, akaketi pembeni. Mdomo ule unaotaka kucheka ulipoanza kuhamia kwenye pamba, aliomba kazi isimame kidogo.

"Huyu niliyemsalimia miaka yote hii," alisema. "Nilimwambia nilipoolewa. Nilimwambia nilipofiwa. Binti wa watu yuko getini anauza magazeti yake, hajui kuna mtu anamwita mama." Akaegemea kiti. "Haya. Endelea."

Chini ya rangi ile, kama mhifadhi alivyohofia, sehemu kubwa ilikuwa kitambaa kitupu cha rangi ya udongo. Lakini pembeni maji hayakufika kote. Palibaki nusu ya nyusi, nene, iliyopanda juu. Palibaki mstari wa taya. Palibaki sikio zima la kushoto, lililochorwa kwa subira ya mtu aliyekuwa na siku nzima.

Mhifadhi alimpa bibi kioo cha kukuzia, akamshikia taa. Bibi akatazama mpaka mkono wa mhifadhi ukaanza kuuma.

"Sikio kubwa," alisema hatimaye.

"Kubwa kweli, bibi."

Mkwe alitupa jicho kwenye masikio ya mama mkwe wake, kisha akageuka kutazama dari.

"Nimekusikia unavyonyamaza," Bibi Cherehani alimwambia, na wote watatu wakacheka, bibi akicheka mpaka akavua miwani kuifuta, na alipoivaa tena uso wake ulikuwa umelowa.

Picha ilirudishwa chumba cha kulia bila kuongezwa uso. Kibao kipya kilitaja jina la mshonaji na la baba yake, kama Bibi Cherehani alivyoyapata kwa mama mdogo, na kikaeleza wazi maji yalifanya nini na watu wakafanya nini. Wageni wengine walilalamika kwamba imeharibiwa. Kobe aliwaambia kwamba sasa ndiyo imetengenezwa, na kama hawaelewi wasome tena. Yeye hana haraka.

Msimu wa baridi jicho la Bibi Cherehani lilizima. Aliendelea kuja. Aliketi mbele ya picha, sasa kwenye benchi aliyowekewa, akiuliza nani ameingia na amesimama wapi. Mchana mmoja chumba kikiwa kitupu mhifadhi aliketi kando yake, akamuuliza lile ambalo lilikuwa likimkosesha usingizi tangu siku ya mkasi: alifanya vema kusema, au angenyamaza?

Bibi aligeuza uso kuifuata sauti yake.

"Kuna siku nakushukuru," alisema. "Kuna siku nakulaani, tena kwa sauti, muulize mkwe wangu. Leo bado sijaamua." Akanyoosha mkono hewani mpaka ulipokutana na wa mhifadhi. "Hebu nisaidie kushuka hizo ngazi zenu."